Kifafa: Moto, Maji na Tembe za Jioni

(Hotuba hii ilitolewa na muuguzi wa zahanati ya parokia mbele ya viongozi wa vikundi vya maendeleo na makatekista, Kaunti ya Busia. Tumeichapa karibu jinsi alivyoisema, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa.)



Barua niliyopewa ilisema nije nizungumze juu ya magonjwa, yale ya kawaida na yale yasiyo ya kawaida, chanzo chake, dalili na matibabu. Nikasema, haya, hiyo ni kazi ya wiki nzima, na mimi nimepewa saa moja kabla ya chakula. Kwa hivyo nimechagua mmoja tu. Sikuchagua malaria kwa sababu malaria mnaijua kuliko mimi. Sikuchagua presha wala sukari, maana siku ya kliniki ya presha mnajaza benchi zetu hata wengine wanaketi kwenye nyasi. Nimechagua ugonjwa ambao ni wa kawaida kabisa, lakini sisi wenyewe tumeufanya uonekane wa ajabu kwa kuuficha. Nazungumza juu ya kifafa.

Kabla ya Pasaka tuliletewa msichana wa miaka 14. Alikuwa peke yake jikoni akisonga ugali, akaanguka juu ya mafiga. Hakuna aliyesikia, kwa sababu mtu wa kifafa akianguka hawezi kuita. Walipokuja kumtoa, mkono wa kulia ulikuwa umekaa motoni muda ambao hakuna anayejua ni kiasi gani. Nikamuuliza mama yake, huyu mtoto huanguka tangu lini? Mama akanyamaza. Nyanya yake ndiye aliyenijibu: tangu akiwa darasa la pili. Nikauliza, na hajawahi kupata dawa? Kumbe aliwahi. Alipewa tembe, zikamkubali, akakaa miezi mingi bila kuanguka hata mara moja. Halafu wakaacha. Nikauliza, mliacha kwa nini? Nyanya akanijibu kwa upole kama mtu anayemweleza mtoto: "Si alikuwa amepona?"

Neno hilo ndilo limenileta hapa leo. Nitalirudia baadaye. Kwanza tuelewane kifafa ni nini.

Ninyi wenye kwaya mtanielewa haraka. Ubongo wa mtu una chembe nyingi sana, na chembe hizo huzungumza kwa umeme mdogo mdogo. Kila moja ina zamu yake, kama sauti za kwaya: soprano anaingia, besi anasubiri, mwalimu anaangalia. Ndiyo maana unaweza kuinua kikombe bila kumwaga chai. Sasa fikirini siku moja kwaya nzima inapiga kelele kwa wakati mmoja, kila mtu kwa nguvu zake zote, bila mwalimu. Hapo wimbo hakuna, ni mshindo tu. Hicho ndicho kinachotokea ndani ya kichwa kifafa kinaposhika. Umeme unafumuka wote pamoja, mtu anapoteza fahamu, mwili unakakamaa halafu unatikisika. Baada ya dakika moja, mbili au tatu, kelele inaisha yenyewe. Hakuna mtu aliyeingia ndani yake, wala hakuna aliyetoka. Ni chembe zake mwenyewe.

Kuanguka mara moja peke yake si kifafa. Mtu akianguka mara mbili au zaidi, kwa siku tofauti, bila homa na bila sababu nyingine ya wakati ule, hapo ndipo tunaanza kusema kifafa. Naeleza hivi kwa sababu kuna magonjwa mawili ambayo Kiswahili chetu kimeyachanganya na hili, na yote mawili yanaweza kuua haraka.

La kwanza ni degedege ya watoto. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anapata homa kali, anatikisika. Wengi wao wakishakua hawapati kifafa. Lakini usikae nyumbani ukisema "ni degedege tu." Homa hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mlete siku hiyo hiyo, hata kama ameamka na anacheza.

La pili ni kile tunachokiita kifafa cha mimba. Jina ni moja lakini ugonjwa ni mwingine. Huyu ni mama mjamzito, mimba imepita miezi mitano hivi, au hata amekwisha kujifungua siku chache zilizopita, presha yake imepanda sana. Kichwa kinamuuma vibaya, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, halafu anaanguka na kutikisika. Huyo si wa kungojewa aamke, wala si wa kuambiwa "huyu ana ya ukoo." Tafuteni gari saa hiyo hiyo, aende hospitali yenye kupasua. Iko sindano ya kumtuliza na ya kuokoa maisha, na mtoto inabidi azaliwe.

Sasa turudi kwa kifafa chenyewe. Dalili mnayoijua wote ni ile kubwa: kupiga yowe, kuanguka, povu, kujing'ata ulimi, kujikojolea, halafu usingizi mzito. Lakini ziko nyingine ambazo watu hawazitambui. Yuko mtoto ambaye haanguki kamwe. Anakodoa macho tu sekunde chache, anaacha kuandika katikati ya neno, halafu anaendelea. Inaweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Mwalimu anasema huyu anaota mchana, huyu ni mvivu, na mtoto anaadhibiwa kwa jambo ambalo hata hajui limetokea. Yuko mtu mzima anayesimama sokoni, anatafunatafuna na hali hana kitu mdomoni, anavutavuta vifungo vya shati, ukimwita hajibu, ukimshika anakusukuma. Watu wanasema amelewa au amerukwa na akili. Hicho nacho ni kifafa. Ni kwaya ya upande mmoja wa ubongo tu iliyopiga kelele.

Chanzo chake kinatoka wapi? Kwa wengi hatujui, na ni heri niseme hivyo kuliko kuwadanganya. Kwa wengine tunajua. Mtoto aliyechelewa njiani wakati wa kuzaliwa, akatoka amechoka asilie, ubongo wake ukakosa hewa. Mtoto aliyeugua malaria ya kichwani, akapona lakini ikaacha kovu ndani. Kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ya kichwa. Anaweza kukaa miezi mingi akiwa mzima halafu kifafa kikaanza. Mzee aliyepatwa na kiharusi. Mlevi wa chang'aa wa miaka mingi akiikatisha ghafla naye anaweza kutikisika. Wachache wanakipata katika damu ya ukoo. Hakiambukizi. Mate yake hayana kifafa, povu lake halina kifafa, mkojo wake hauna kifafa. Mimi nimefutwa povu na kufuta povu la watu kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini chanzo kimoja nataka tukae nacho kidogo kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa upande huu, Busia na hata kule Homa Bay, ambako watafiti wamekikuta: nguruwe wa kuachiliwa.

Najua wengi wenu mna nguruwe, na baadhi ya vikundi vilivyoko hapa vilianza na nguruwe. Sikuja kuwaambia muwaache. Nisikilizeni tu jinsi jambo linavyokwenda. Nguruwe anazurura, anakula kinyesi cha mtu nyuma ya nyumba isiyo na choo. Kama mtu huyo ana tegu tumboni, nguruwe anameza mayai ya tegu. Mayai yanageuka vifuko vyeupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haikuiva vizuri, anapata tegu tumboni mwake. Mpaka hapo hakuna kifafa. Tegu akiwa tumboni anakula tu chakula chako.

Hatari inaanza hapa. Mtu huyo mwenye tegu anakwenda haja, hanawi mikono, anashika sukuma wiki, anakanda unga wa chapati, anampa mtoto maji. Sasa mayai yanaingia kwa mtoto. Ndani ya mwili wa mtoto yanafanya yale yale yaliyofanya kwa nguruwe: yanakuwa vifuko. Na vifuko vingine vinakwenda kukaa kwenye ubongo. Miezi au miaka baadaye, mtoto anaanguka. Mnaona? Aliyeanguka huenda hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote. Nimeona jamaa wa nyumba ambayo hawali kabisa nyama hiyo wakishangaa, wakasema basi hii lazima ni uchawi. Hapana. Ni mikono ya mtu fulani, labda jirani, labda anayeuza chakula njiani, na yeye mwenyewe hajui.

Kwa hivyo, mfungieni nguruwe bandani. Choo kiwe na mlango. Nyama ipikwe mpaka ndani, isiwe ya kuchomwa juu juu pale karibu na kilabu. Ukichinja ukakuta zile punje, usiiuze, umwite afisa wa mifugo. Na mtu akiona vipande bapa vyeupe kwenye choo chake, aje zahanati. Ila neno moja la tahadhari: mwenye kifafa asijinunulie dawa ya tegu dukani. Kama ana vifuko kwenye ubongo, dawa hiyo inaweza kuviamsha na kumletea kuanguka kwingi. Lazima aonwe kwanza, na ikiwezekana apigwe picha ya kichwa.

Mtu akianguka mbele yako utafanya nini? (Hapa muuguzi alimwita kijana mmoja alale sakafuni, na watu wakacheka sana.) Haya, acheni kucheka, siku ya kweli hamtacheka. Ondoa vitu vya kumuumiza: kiti, jembe, jiko. Weka kitu laini chini ya kichwa, hata sweta. Legeza kola. Angalia saa. Usimshike kwa nguvu ili asitikisike. Utamvunja mkono bure. Usiweke kijiko wala kijiti mdomoni. Ulimi haumezwi, jamani. Kitakachomezwa ni meno yaliyovunjika. Usimpe maji, usimnusishe vitunguu wala moshi wa kiberiti wala soksi. Mtikisiko ukiisha, mgeuze alale kwa ubavu, hivi, mate yatoke nje. Kaa naye mpaka ajue yuko wapi, na mfunike na leso, maana ataamka na aibu. Kama umepita dakika 5 na bado anatikisika, au ameanguka tena kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au ameangukia majini, huyo ni wa hospitali mara moja.

Sasa nafika kwa lile neno la nyanya.

Dawa za kifafa zipo na si mpya. Fenobabitali imetumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912. Ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingine zote, na mara nyingi inamezwa mara moja tu kwa siku, jioni. Zipo pia kabamazepini, fenitoini na valproeti. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuitumia vizuri. Saba kati ya kumi! Hata kwa presha hatupati furaha kama hiyo. Kwa nini basi tunawaona bado wakianguka? Wengi hawajafika hospitali kabisa. Na wengi wa waliofika waliacha.

Ukimfunga ng'ombe kwenye mti, atakaa akila kimya. Utasema, huyu ng'ombe sasa ana adabu, na umfungue? Akiingia kwa mahindi ya jirani utamlaumu nani? Tembe ni kamba. Mtu haanguki kwa sababu amefungiwa kifafa chake, si kwa sababu kimeondoka. Ukikata ghafla, hasa fenobabitali, hakirudi kama kilivyokuwa. Kinaweza kurudi kwa kufuatana, kuanguka juu ya kuanguka bila kuamka katikati, na mtu anaweza kufa.

Mimi jambo hili sikulisoma kwenye kitabu kwanza. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na kifafa. Alitibiwa, akakaa karibu miaka miwili salama, akawa anafanya kazi ya useremala. Mwaka 1994 alikuja mhubiri sokoni kwetu na vipaza sauti. Akasema wenye imani walete dawa zao. Mdogo wangu alikuwa kijana mwenye imani, akaitupa pakiti yake mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Mama yetu alipiga makofi. Mimi pia nilikuwepo, nami nilipiga makofi, nilikuwa bado sijaingia chuo cha uuguzi. Siku ya tatu alianguka mara mbili. Tukasema ni majaribu. Siku ya tano alikwenda mtoni kuoga baada ya kazi. Pale alipopatikana maji yalifika magotini.

Yule mhubiri sijui yuko wapi na sina haja naye. Nasema kwa ajili yenu makatekista, kwa sababu watu wanawasikiliza ninyi kuliko mimi. Mtu akiombewa, aombewe. Mimi mwenyewe naomba. Lakini asiambiwe kamwe aache tembe ili aonyeshe imani. Kama kweli amepona, yako njia ya kujua: amekaa angalau miaka miwili mizima bila kuanguka hata mara moja, halafu daktari ndiye anayepunguza, kidogo kidogo, kwa miezi, huku watu wa nyumbani wakiangalia. Wako wanaofika hapo na kuachana na dawa kabisa. Wako wengine wanaorudia, nao wanaendelea na dawa yao maisha yote kama mtu wa presha.

Tembe zina taabu zake, sitaficha. Fenobabitali inaleta usingizi siku za kwanza, na watoto wengine inawafanya wasumbufu, wasitulie darasani. Fenitoini inavimbisha ufizi, kwa hivyo piga mswaki sana. Zikikusumbua, rudi ubadilishiwe, usiache. Akina mama wasikie hili: valproeti inaweza kumharibu mtoto aliye tumboni, kwa hivyo msichana au mama ambaye bado anaweza kuzaa amwulize daktari kama kuna nyingine. Pia fenobabitali, fenitoini na kabamazepini zinapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na vile vijiti vya mkononi. Wako waliopata mimba bila kutarajia wakasema kliniki iliwadanganya. Na anayetumia ARV amwambie daktari wa kifafa, na daktari wa ARV naye ajue ya kifafa, maana dawa hizo hizo tatu zinapunguza nguvu ya dolutegraviri, ambayo wengi sasa wanaimeza. Usifiche upande mmoja kwa aibu. Daktari hawezi kulinganisha dawa asizozijua.

Na usigawane. Nimekuta nyumba ina watoto wawili wenye kifafa, tembe za mmoja zinagawanywa kwa wote ili pesa zitoshe. Hapo hakuna aliyetibiwa. Kama fedha ni shida, kikundi kipo. Vikundi vyetu vinachangia sufuria na blanketi za harusi. Sioni kwa nini hakiwezi kuchangia nauli ya mtu mmoja kwenda kuchukua dawa ya mwezi.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, yuko baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa. Angalieni alilalamikia nini. Pale hakutaja povu, hakutaja watu watasema nini. Alisema mtoto anaanguka motoni na majini. Huyo baba alikuwa anajua. Kuanguka chini kwenye mchanga ni jambo dogo. Moto na maji ndivyo vinavyotuondolea watu. Kwa hivyo, mkingoja dawa ifanye kazi, angalieni nyumba. Mafiga matatu ya chini ndiyo mabaya zaidi. Jengeni jiko la kuinuliwa, au mzungushie udongo ile jiko ya Maendeleo ili moto usikae wazi. Mwenye kifafa asipike peke yake, na asiinue sufuria ya maji ya moto. Uji umfuate mezani. Asilale karibu na makaa. Asiende mtoni wala kisimani peke yake, aogee kwa beseni na mlango usifungwe kwa komeo. Asipande mwembe. Asiendeshe bodaboda. Kwa hayo mengine yote, mwacheni. Alime, ashone, aende shule, aimbe kwaya, aoe au aolewe. Kumfungia ndani si kumlinda. Msichana niliyewaambia alikuwa ndani miaka minne, hakuwa shuleni, ndiyo maana alikuwa jikoni saa nne ya asubuhi wakati wenzake wako darasani.

Mkono wake ulipona lakini vidole vitatu vimeshikana. Anameza tembe moja jioni. Tangu Mei hajaanguka. Wiki iliyopita nyanya yake alikuja zahanati peke yake kuniuliza kama sasa wanaweza kupunguza. Nikamkalisha, nikaanza tena na ile hadithi ya ng'ombe.

Nitaishia hapo, mniulize.

Mama mmoja: Mtoto akisahau tembe ya jioni, asubuhi anywe mbili?

Hapana, mama. Akikumbuka anywe ile moja aliyosahau, na jioni aendelee na yake. Asinywe mbili pamoja. Ifungeni kwa jambo linalofanyika kila siku. Wengine wanaiweka karibu na taa, wakiwasha taa wanameza.

Katekista: Sista, wengine wanasema kifafa kikishika mara nyingi mtu anakuwa mwenda wazimu.

Mimi si sista, ni mama watoto, lakini ahsante. Kifafa si wazimu. Mwenye kifafa kati ya kuanguka na kuanguka ni mtu kama wewe. Kuanguka kwingi bila dawa kunaweza kumchosha akili na kumletea majonzi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtibu mapema. Wengi mnaowaona wamedhoofika ni kwa sababu walikaa miaka bila kutibiwa.

Kijana: Kipimo chake ni damu?

Damu haionyeshi kifafa, ingawa tutaipima kutafuta malaria na sukari. Iko mashine ya kupima umeme wa ubongo katika hospitali kubwa, inasaidia. Lakini kipimo chetu cha kwanza ni maneno ya aliyeona. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Siku hizi mna simu. Mwingine aangalie mgonjwa, mwingine arekodi dakika moja mtuletee. Si ya kuweka mtandaoni, mnasikia? Ni ya daktari.

Mzee mmoja: Mwalimu, mimi sina swali la ugonjwa. Kuna jirani yangu ana kijana, labda miaka 20. Sijamwona nje tangu mvua za mwaka juzi. Usiku nasikia. Nikimwambia baba yake atasema nani alinipa habari za nyumba yake.

Mzee, mwambie wewe mwenyewe unataka kuja zahanati kupimwa presha, na umwombe akusindikize. Mkifika, mimi nitamaliza na presha yako halafu nitamuuliza habari za watoto, mmoja mmoja, kama ninavyowauliza wote. Akikubali, aje naye Jumanne, na aje na mtu aliyemwona akianguka. Jumanne ndiyo siku ya tembe za kifafa. Tunafungua saa mbili.